Uzi: Kocha ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu popote, unampa timu ya ligi kuu?

#1 BekiTatu (mleta mada)
Habari wakuu. Leo tujifanye sisi ndo bodi. Timu yetu ya ligi kuu imemtimua kocha katikati ya msimu na mezani kuna faili mbili. La kwanza ni la mzee wa kazi, kakaa kwenye ukocha miaka mingi, kapita timu kibao na nyingi zimemfungashia virago. La pili ni la jamaa aliyekuwa mchezaji mkubwa wa timu hii hii, mashabiki wanampenda, leseni anazo, amekaa benchi kama msaidizi misimu miwili lakini hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa hata mechi moja. Unampa nani?

Mimi wa pili simpi. Timu ya kulipwa watu wanaishi kwa mshahara wake, mkishuka daraja kuna watu ofisini wanapoteza kazi ambao hata mpira hawaugusi, sasa huwezi kumpa mtu akajifunzie humo. Aanze chini, akifanikiwa arudi tuongee. Na mkija na jina la Guardiola nimejiandaa.

#2 Dakika89
Guardiola 😂😂 nimetaja tu nione ulivyojiandaa

#3 WingaTeleza
Naunga mkono hoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

#4 KochaWaSofa
Mkuu #3 hilo zimwi lako limeshakula timu tano na mifupa haijabaki. Mtu akitimuliwa mara tano tunasema ana uzoefu, uzoefu wa nini, wa kupakia mabegi?

#5 MchambuziHuru
Mleta mada umejiandaa vipi sijui ila ukweli uko palepale. 2008 Barcelona walikuwa na uwezo wa kumchukua Mourinho, mtu ana Ligi ya Mabingwa na Porto, ana ubingwa wa Uingereza na Chelsea mara mbili, wakamwacha wakamchukua Guardiola, miaka 37, hana uzoefu wowote. Msimu wa kwanza akabeba La Liga, Copa del Rey na Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2009 wote akamaliza na makombe sita. Ungekuwa wewe kwenye ile bodi historia ya mpira ingekuwa nyingine kabisa.

#6 BekiTatu
Hapo ndo nilipokuwa nawasubiri. "Hana uzoefu wowote" sio kweli. Msimu wa 2007/08 alikuwa kocha mkuu wa Barcelona B, timu iko Tercera ambayo wakati ule ilikuwa daraja la nne Hispania, viwanja vya ajabu, mabeki wanakata miguu, na akaipandisha. Yaani alipanga kikosi mwenyewe, alifungwa mwenyewe, alizungumza na waandishi mwenyewe. Tena Busquets na Pedro aliwatoa kule kule, alikuwa anajua wanachoweza kabla sisi hatujawasikia. Huyo sio sawa na jamaa wangu wa faili la pili ambaye kazi yake ilikuwa kupanga koni mazoezini.

Halafu msisahau mechi yake ya kwanza ya ligi alipigwa 1-0 na Numancia, iliyofuata akatoa sare na Racing Santander. Ingekuwa timu nyingine kibarua kingeshaanza kuota nyasi.

#7 Mshika Kibendera
Kwa hiyo mwaka mmoja daraja la nne unatosha kukufanya uwe mzoefu wa kufundisha Messi, Xavi na Iniesta? Mleta mada unajikaanga mwenyewe.

#8 Dakika89
😂😂 tulia dawa iingie

#9 JezaNambaKumi
Na Zidane je? Yule kavua njumu kaingia Real Madrid kabeba Ligi ya Mabingwa tatu mfululizo. 2016, 2017, 2018. Uzoefu wa wapi?

#10 Mshika Kibendera
#9 hapana kaka, Zidane alistaafu 2006, hiyo timu kapewa Januari 2016. Katikati hapo alikuwa msaidizi wa Ancelotti msimu wa 2013/14, ule walioubeba ubingwa wa Ulaya wa kumi, halafu akaifundisha Castilla, timu B ya Real Madrid. Ila nikupe silaha, pale Castilla hakung'ara kihivyo, hakuwapandisha daraja. Kwa vigezo vya mleta mada vya "aanze chini, akifanikiwa arudi" Zidane alitakiwa asirudi kabisa. Na aliyemwachia kijiti alikuwa Benitez, mtu ana CV kama gazeti.

#11 WingaTeleza
Zidane alikuwa na Ronaldo, Modric, Kroos, Ramos. Hata mimi hapo nashinda.

#12 KochaWaSofa
#11 Benitez alikuwa nao hao hao mkuu. Wewe ungeshinda nini na chumba cha kubadilishia nguo wangekufungia mlango.

#13 Kipa Mstaafu
Salaam wakubwa. Mimi nimecheza mpira wa kulipwa, sio ngazi za kujisifia ila mshahara nimeula, na hili jambo la msaidizi kupandishwa nimeliishi. Ngoja niwaambie lilivyo kutokea ndani maana huku nje mnaongelea mbinu tu.

Msaidizi ni mtu wa wachezaji. Kocha mkuu akikuweka benchi unaenda kwa msaidizi kulia, anakupa moyo, anakwambia mimi ningekuwa yeye ungecheza. Unaona hapo? Sasa kocha katimuliwa yule msaidizi kapewa timu, wachezaji ishirini na tano wote wanakuja na ahadi zao mkononi, kila mmoja alishaambiwa angecheza, na nafasi ni kumi na moja. Wetu alishinda mechi mbili za mwanzo tukiwa na furaha kama watoto, ya tatu akamuweka benchi straika ambaye walikuwa wanataniana kwa majina ya utani, jamaa akamwita kwa lile jina la utani mbele ya watu wote akimuuliza kwa nini, na kocha akacheka. Pale pale timu ikawa imeondoka mkononi mwake. Mbinu alikuwa nazo kuliko aliyemtangulia, mazoezi yake yalikuwa matamu, lakini alishindwa kuwa mtu anayechukiwa na nusu ya kikosi kila Jumamosi.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa mtu asiye na uzoefu sio unajua mfumo gani. Ni lini uliwahi kumnyima mtu unayempenda kitu anachokitaka, na ukaendelea kufanya naye kazi kesho yake.

#14 MchambuziHuru
#13 heshima yako mkongwe. Hii ni pointi.

#15 BekiTatu
Asante Kipa Mstaafu, umenisaidia kazi. Ukikaa siti ya mbele miaka kumi haimaanishi unajua kuendesha gari.

#16 Mkeka Umechanika
Sasa mbona Arteta alikaa hiyo siti ya mbele? Misimu mitatu na nusu pembeni ya Guardiola pale City, Desemba 2019 Arsenal wakampa timu, hajawahi kuwa kocha mkuu hata wa watoto. Miezi michache tu kabeba Kombe la FA. Baadaye timu ikamaliza nafasi ya pili pili pili, 2023, 2024 na 2025.

#17 Dakika89
"pili pili pili" 😂😂 mkuu unawasifia au unawaponda

#18 Bi Mtathmini
#16 umeruka sehemu muhimu. Arsenal walimaliza wa nane 2019/20 na wa nane tena 2020/21. Wa nane mara mbili, klabu ya ukubwa ule! Kilichomfanya Arteta awe Arteta ni kwamba bodi haikumgusa. Kwa hiyo msimpime kocha peke yake, pimeni na waajiri. Mtu asiye na uzoefu ukimpa timu lazima ujue kwamba kuna kipindi kibaya kinakuja, utakilipia, na ukikimbia katikati umelipa bure.

Na kuna jambo hapo linachekesha. Ile fainali ya FA ya Agosti 2020 Arsenal walimfunga nani? Chelsea ya Lampard, 2-1. Makocha wawili wote wachanga kwenye fainali moja. Mmoja aliachwa hadi timu ikarudi juu, mwingine Januari iliyofuata hayupo.

#19 The Blu wa Kweli
Lampard mnamuonea. Alikuja 2019 klabu imefungiwa kusajili, Hazard kaondoka, akawaamini vijana kina Mount, Reece James, Abraham, Tomori, akamaliza nafasi ya nne. Msimu mmoja tu aliokuwa nao wa ukocha ulikuwa Derby. Kwa hali ile alifaulu sana.

#20 KochaWaSofa
Alifaulu halafu akanunuliwa Werner, Havertz, Ziyech, Chilwell, Mendy, timu ikaporomoka. Akaja Tuchel kikosi kile kile, miezi minne tu Ligi ya Mabingwa hii hapa. Hapo sasa ndo tofauti ya mtu anayejua na mtu anayependwa. Nilimtetea asiye na uzoefu kule juu ila huyu hapana.

#21 The Blu wa Kweli
Tuchel alikuta vijana waliokomazwa na Lampard. Nani aliwapa nafasi kina Mount na James? Kila mtu anavuna tu hamna anayeuliza nani alipanda.

#22 Mkeka Umechanika
Tungeanza na Pirlo uzi ungeisha saa ile ile. Juventus walimtoa timu ya vijana wakampa timu ya wakubwa, ubingwa wa mara tisa mfululizo ukaishia mikononi mwake.

#23 Mshika Kibendera
Timu ya vijana ipi? Alitangazwa kocha wa U23 tarehe 30 Julai 2020, tarehe 8 Agosti kocha Sarri katimuliwa baada ya kutolewa na Lyon Ligi ya Mabingwa, Pirlo akapewa timu kubwa siku ile ile. Siku tisa. Hakusimamia hata mechi moja ya hao vijana. Huyo ndo mfano safi wa "hajawahi", kuliko wote tuliowataja.

Ila tuwe wakweli, alibeba Coppa Italia na Super Cup ya Italia, akamaliza wa nne siku ya mwisho baada ya Napoli kutoa sare na Verona. Kuna makocha wana miaka ishirini kazini hawana hata kimoja cha hivyo. Tatizo ni kwamba pale Juve kipindi kile kumaliza wa nne ilikuwa msiba.

#24 Bi Mtathmini
Naomba niseme na hili maana niliwahi kukaa kwenye kamati iliyosaili makocha. Timu siitaji.

Tulikuwa na watahiniwa wawili karibu kama hao wa mleta mada. Kijana alikuja na laptopu, slaidi nyingi, michoro ya namna atakavyopandisha mabeki, video za wapinzani, kazi safi kabisa, mzee mmoja kwenye kamati alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika muda wote. Nikamuuliza: nahodha wako amegoma kutoka dakika ya 60 ulipomfanyia mabadiliko, mbele ya uwanja mzima, wiki ijayo una mechi ngumu, unafanyaje? Akanijibu kuhusu nidhamu, kuhusu utamaduni wa klabu, maneno mazuri. Mzoefu tulipomuuliza swali hilo hilo hakujibu kwa maneno mazuri, alicheka akasema lilishanikuta, akatusimulia alivyomfuata mchezaji nyumbani usiku ule ule, walichoongea, na jinsi alivyomuanzisha mechi iliyofuata akamtoa tena dakika ile ile ili watu waone.

Tukamchukua mzoefu. Kabla msimu haujaisha akapata timu inayolipa vizuri zaidi akaondoka. Uzoefu wake ulijumuisha na kujua lini pa kutoka.

#25 Dakika89
😂😂😂😂 hiyo sentensi ya mwisho dada

#26 JezaNambaKumi
Na kijana alienda wapi?

#27 Bi Mtathmini
#26 alirudi kwenye usaidizi sehemu nyingine. Hatujui angefanya nini, ndo ubaya wa haya maamuzi, faili ulilolifunga huwezi kulijaribu.

#28 Mtu wa Namba
Nimesoma uzi wote. Wote mnafanya kosa moja, mnataja majina makubwa. Guardiola, Zidane, Arteta. Hao tunawakumbuka kwa sababu walifaulu. Nani anamkumbuka Shearer pale Newcastle 2009? Mechi nane, kashinda moja, timu ikashuka. Henry alitoka usaidizi wa Ubelgiji akapewa Monaco Oktoba 2018, Januari keshaondoka na wakamrudisha Jardim yule yule waliyemtimua. Gary Neville alitoka kwenye uchambuzi wa TV akaenda Valencia Desemba 2015, akapigwa saba bila na Barcelona kwenye Copa del Rey, Machi hayupo.

Sasa na upande wa pili, wazoefu waliochemka wako wangapi? Hata hatuwahesabu maana wakichemka tunaona kawaida, ni upepo mbaya. Mchanga akichemka tunasema si tuliwaambia. Kwa hiyo mzani wenyewe umepinda tangu mwanzo na hakuna upande humu unaoweza kuthibitisha chochote kwa kutaja majina.

#29 KochaWaSofa
Umetumia majina matatu kutuambia majina hayathibitishi kitu.

#30 Mtu wa Namba
Ndio, na yangu hayathibitishi vilevile 😀

#31 Mchumia Juani
Mimi niwape sababu ambayo hamtaki kuisema. Hela na udhibiti. Kocha mchanga ni rahisi, hana wakala mkubwa, mkimtimua fidia ni ndogo, na kubwa kuliko yote hana pa kusimamia akisema hapana. Mkurugenzi anamletea straika asiyemtaka, ye anashukuru. Mmiliki anampigia simu kumuuliza kikosi, ye anapokea. Akiwa gwiji wa klabu ndo vizuri zaidi, mashabiki wanamshangilia miezi mitatu, bodi inapumua. Mfano huo wa Neville, mmiliki wa Valencia Peter Lim alikuwa mshirika wake kwenye umiliki wa Salford City. Kihispania kilikuwa kinampa Neville shida, mdogo wake Phil alishakuwepo benchi pale. Mnadhani alichaguliwa kwa sababu ya slaidi?

#32 WingaTeleza
Hapo umegusa penyewe.

#33 Mshika Kibendera
Hiyo kweli kwa baadhi, sio wote. Hoffenheim hawakuokota mtu. Nagelsmann alikuwa akademi kwao, kabeba ubingwa wa U19 wa Ujerumani 2014, na walishatangaza mapema kwamba timu ataichukua msimu unaofuata. Februari 2016 mzee Huub Stevens akaacha kazi kwa matatizo ya moyo, timu iko nafasi ya pili kutoka mkiani, ikabidi kijana aingie mapema akiwa na miaka 28. Wachezaji wengine wakubwa kuliko yeye. Akawabakisha, msimu uliofuata akamaliza wa nne. Tena hakuwa gwiji wa chochote, goti lilimstaafisha kabla hajacheza mpira wa maana.

Hapo mchanga kaingia mahali pa mzoefu, timu ile ile, msimu ule ule. Mtu wa Namba hii nayo inapinda mzani?

#34 Mtu wa Namba
#33 timu ikiwa chini kabisa mara nyingi inapanda kidogo yenyewe, yeyote ukimweka anaonekana daktari. Ila kumaliza wa nne baadaye hapo sina jibu, alikuwa bora tu.

#35 Simba Mtoro
Mnaongea Ulaya tuuu. Emerse Faé je? Fainali za Afrika, mwanzoni mwa 2024, Ivory Coast wako nyumbani kwao wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha Gasset katimuliwa mashindano yakiwa yanaendelea, shirikisho likaomba waazimwe Hervé Renard aliyekuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa. Wakabaki na msaidizi, hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Akamtoa Senegal bingwa mtetezi kwa penalti, fainali akamfunga Nigeria 2-1. Kombe limebaki nyumbani. Sasa mleta mada niambie angekuwepo kwenye lile faili la pili ungesemaje?

#36 BekiTatu
#35 Faé namheshimu ila ile ni wiki tatu za moto, wachezaji wameshakata tamaa wakapata maisha ya pili, walipita kama mmoja wa washindi wa tatu bora kwa msaada wa Morocco kumfunga Zambia. Mechi nne za mtoano sio sawa na ligi ya mechi 38, majeruhi, dirisha la usajili, mchezaji anataka kuondoka Januari. Kuna watu ni wa dharura na kuna watu ni wa kujenga. Angalieni Di Matteo, alikuja Chelsea 2012 hana uzoefu akabeba Ligi ya Mabingwa, Novemba hiyo hiyo kibarua kimeota nyasi.

#37 The Blu wa Kweli
Di Matteo alikuwa na uzoefu, alishafundisha MK Dons na West Brom na West Brom aliipandisha ligi kuu 2010. Usitumie kocha wetu kwenye hoja zako.

#38 BekiTatu
Basi ni mzoefu aliyedumu miezi. Bado hoja yangu inasimama.

#39 KochaWaSofa
Hoja yako ilikuwa asiye na uzoefu hadumu, sasa umeleta mzoefu ambaye hakudumu, na hoja inasimama? Inasimamia mguu gani? 😂

#40 Simba Mtoro
Halafu huyo Faé hawakumrudisha kwenye usaidizi, walimwachia timu. Kwa hiyo "wa dharura" umemwita wewe.

#41 Mchezaji wa Akiba
Wakuu leseni hamjaigusa. Mimi niko kwenye kozi za ukocha ngazi za chini huku na niwaambie tu, leseni inakufundisha kupanga zoezi, kugawa mzigo wa wiki, kuandika ripoti. Haikufundishi dakika 15 za mapumziko ukiwa umefungwa mbili na kipa wako analia. Kule Reims 2022 walimpa timu Will Still, ana miaka 30 tu, hana UEFA Pro, ile leseni ya juu kabisa ya ukocha Ulaya, klabu ikawa inalipa faini ya yuro 25,000 kila mechi anayosimama yeye. Walilipa! Maana hesabu zao zilionyesha huyu anapata pointi. Na kabla ya hapo Beckenbauer 1984 hakuwa na leseni wakambadilishia cheo ili aifundishe Ujerumani Magharibi, fainali 1986, kombe 1990.

#42 Dakika89
Will Still si ndo yule aliyekua kwenye gemu la umeneja wa kompyuta? Mimi pale nina makombe ya Ulaya saba, CV naituma wapi

#43 Mkeka Umechanika
#42 tuma kwa mmiliki anayempigia kocha simu kuhusu kikosi, post #31.

#44 Mchumia Juani
😂😂 nimekaa paleee

#45 JezaNambaKumi
Turudi kwenye mada. Mnaonaje Xabi Alonso? Real Sociedad B kaipandisha 2021, 2022 ikashuka naye. Wangemkataa kwa kushuka? Leverkusen Oktoba 2022 wakampa timu ikiwa ya pili kutoka mwisho, 2023/24 Bundesliga bila kupoteza mechi hata moja na kombe la DFB (kombe la taifa la Ujerumani) juu. Mimi nadhani ile kushuka ndo ilimfundisha.

#46 Bi Mtathmini
#45 hapo ndo na mimi naelekea. Kwenye faili la mtu mchanga nisingetafuta makombe, ningetafuta kipindi kibaya alichokipita akiwa yeye ndo mwenye maamuzi. Hata kama ni timu ya vijana. Wa mleta mada hana hata hicho, alikuwa pembeni ya mwenye kipindi kibaya.

#47 Kipa Mstaafu
Bi Mtathmini nakubali nusu. Nusu nyingine ni nani anakaa naye benchi. Mchanga mpe msaidizi mzee, aliyeshachoka na ukubwa, asiyetaka kiti. Akiwa anakitaka kiti hapo mmeweka moto na petroli.

#48 Mtu wa Namba
Na Amorim mnamuweka wapi? Machi 2020 Sporting walilipa yuro milioni 10 kumtoa Braga akiwa kasimamia timu hiyo mechi chache tu, watu wakasema wamechanganyikiwa, msimu uliofuata ubingwa wa kwanza baada ya miaka 19. Akaenda Manchester United sasa akiwa ndo mzoefu, mwenye makombe, akamaliza wa 15. Mchanga alifaulu, mzoefu akafeli, na ni mtu huyo huyo mmoja.

#49 WingaTeleza
Ile klabu hata malaika angemaliza wa 15, usiiweke kwenye hesabu.

#50 BekiTatu
Nimewasoma wote. Faili la pili bado silichukui, ila nitakubali apewe timu B mwaka mmoja kwanza, sio kurudishwa kwenye koni. Mfano wa Pirlo hakuna aliyeujibu.

#51 Mshika Kibendera
Alijibiwa, makombe mawili. Mwaka mmoja wa timu B na timu ya wakubwa inamsubiri nani huo mwaka wote? Si umesema katikati ya msimu?

#52 Mchezaji wa Akiba
Swali la pembeni, Kipa Mstaafu, mbona makipa wachache sana wanakuwa makocha wakuu? Au mnaishia kuwa makocha wa makipa tu?

#53 Kipa Mstaafu
Wapo bana. Dino Zoff alibeba Kombe la UEFA na Juventus 1990, akaifikisha Italia fainali ya Euro 2000. Nuno alikuwa kipa wa akiba wa Mourinho pale Porto. Lopetegui naye kipa. Sisi tunauona uwanja wote dakika 90 mbele yetu, tatizo bodi zinadhani tunajua kudaka tu.

#54 KochaWaSofa
Makipa mkiwa makocha kila bao litakuwa kosa la beki.

#55 Kipa Mstaafu
Kwa sababu ni kosa la beki. Muulize mleta mada, jina lake lenyewe linajieleza.

#56 Simba Mtoro
Lopetegui si ndo Hispania walimtimua siku moja kabla ya Kombe la Dunia 2018 kuanza, sababu kasaini Real Madrid? Wakampa timu Hierro, ukocha mkuu wake wote ulikuwa msimu mmoja Oviedo daraja la pili. Wakatolewa na Urusi kwa penalti hatua ya 16 bora.

#57 BekiTatu
ASANTE. Hierro. Mnaona sasa?

#58 Mshika Kibendera
Hierro hakupoteza mechi ndani ya muda wa kawaida pale Urusi, alishinda moja akatoa sare tatu. Mtu kapewa timu siku mbili kabla ya kucheza na Ureno, we ungetaka afanye nini?

#59 BekiTatu
Ashinde penalti.

#60 Dakika89
Penalti si anapiga kocha 😂 nani ana ile video ya Koke akikosa